Kompyuta moja, mifumo miwili: Namna ya kuchagua programu ya kompyuta pepe nyumbani

Kila tunapozungumzia teknolojia hewani kuna swali linalorudi, ingawa kila msikilizaji analileta kwa sura yake. Kijana wa Mbagala anasoma TEHAMA chuoni, mwalimu amemtaka ajifunze Linux, lakini laptopu aliyonayo ni ya familia nzima. Ndani yake kuna picha za harusi ya dada, kazi za wadogo zake na hesabu za duka la mama. Mwenye steshenari wa Tegeta ana programu ya zamani ya hesabu ambayo haikubali kitu kingine zaidi ya Windows 7. Wa Kigamboni amenunua kompyuta ya mtumba, akaambiwa haiingii Windows 11. Wote watatu wanauliza jambo moja: nifanyeje nipate mfumo mwingine bila kuufuta huu nilio nao?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Katika nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam kompyuta ni moja tu, na nakala ya pembeni ya mafaili haipo. Anayejaribu kugawa diski ili aweke mfumo wa pili akikosea kitufe kimoja, vyote vinaondoka kwa pamoja. Njia iliyo salama zaidi ni kompyuta pepe. Makala haya yanaeleza ni kitu gani, kompyuta ya aina gani inaiweza, programu zipi zipo, na ipi imfae nani.

Kompyuta pepe ni nini

Neno "pepe" tumelizoea katika barua pepe: barua isiyo na karatasi lakini inafika na inasomeka. Kompyuta pepe nayo ni kompyuta isiyo na boksi wala nyaya zake. Ni programu inayofunguka ndani ya dirisha kama programu nyingine, lakini ndani ya dirisha hilo kuna mfumo endeshi kamili unaodhani una prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake.

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga ya Uswahilini. Mwenye nyumba ana vyumba sita, mita ya LUKU moja na bomba moja. Kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, anapanga samani anavyotaka, lakini umeme na maji ni vya pamoja. Kompyuta yako halisi ndiyo mwenye nyumba. Wataalamu wanaiita mwenyeji. Mfumo unaouweka ndani ya dirisha ni mpangaji, wanauita mgeni. Mgeni akiharibu chumba chake, sebule ya mwenye nyumba haiguswi. Lakini mgeni akiwasha jiko la umeme, LUKU inayokwisha ni ya wote. Mfano huu tuushike, maana utarudi.

Wazo lenyewe si jipya. Kampuni ya IBM ya Marekani ililianza miaka ya 1960 kwenye kompyuta kubwa zilizojaza chumba, na mwaka 1972 ikatoa mfumo ulioitwa VM/370. Kwenye kompyuta za kawaida lilifika baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa mwaka 1998. Kilichorahisisha kazi kabisa ni watengenezaji wa prosesa: kuanzia mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, waliweka ndani ya prosesa uwezo maalumu wa kubeba kompyuta pepe. Intel wanauita VT-x, AMD wanauita AMD-V. Bila uwezo huo kuwashwa, programu za leo hazitakufaa.

Kwanza jiulize: unaihitaji kweli?

Si kila mwenye shida hizi anahitaji kompyuta pepe. Kuna njia nyepesi zaidi kwa baadhi ya mahitaji.

Ukitaka tu kujifunza amri za Linux, na unatumia Windows 10 ya kuanzia mwaka 2020 au Windows 11, kuna kitu kinaitwa WSL ambacho kimo ndani ya Windows yenyewe, hata toleo la Home. Unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaandika wsl --install, unawasha upya, na Linux iko tayari kwa maandishi. Kwa wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hiyo inatosha.

Ukitaka kuonja Linux uone inafananaje, unaweza kuiweka kwenye flashi na kuiwasha kutoka hapo bila kugusa diski ya ndani. Ukimaliza unachomoa flashi, kompyuta inarudi kama ilivyokuwa. Sharti lake ni usibonyeze chaguo la kusanikisha.

Na kama unatafuta kompyuta pepe ili ucheze gemu kubwa au uhariri video, acha. Mgeni hapati nguvu kamili ya kadi ya picha, na utaishia kukasirika.

Kompyuta pepe inafaa unapohitaji mfumo kamili wenye skrini yake, unapotaka kujaribu na kuharibu bila hofu, unapotakiwa kuunganisha kompyuta mbili au tatu kwa mazoezi ya mtandao, au unapotaka kuendelea kutumia programu ya zamani iliyokataa mifumo mipya.

Pima kompyuta yako kabla ya kupakua chochote

Mambo ya kupima ni manne.

*La kwanza ni kumbukumbu, yaani RAM.* Hapa ndipo mfano wa LUKU unapouma. Windows 10 au 11 hula GB 2 hadi 3 kabla hujafungua chochote. Kompyuta yenye GB 4 ikimkaribisha mgeni, wote wawili watatambaa. Mwenye GB 4 ajaribu mgeni mwepesi sana tu, kama Debian isiyo na madirisha, ambayo hutosheka na GB 1, au atumie zile njia nyepesi nilizotaja. Mwenye GB 8 anaweza kumpa mgeni GB 2 hadi 4, na hapo Lubuntu au Xubuntu zitakwenda vizuri. Mwenye GB 16 atafanya karibu kila kitu cha nyumbani. Kanuni ya kukumbuka: usimpe mgeni zaidi ya nusu ya kumbukumbu uliyo nayo.

*La pili ni diski.* Ubuntu ya kawaida inataka nafasi ya GB 25. Windows 11 inataka angalau GB 64. Aina ya diski nayo ina uzito. Diski ya zamani inayozunguka ikihudumia mifumo miwili kwa wakati mmoja huwa kama foleni ya Mbagala Rangi Tatu saa 12 jioni. Kama una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, na RAM yako tayari ni GB 8, weka SSD kwanza.

*La tatu ni prosesa.* Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya "Performance", bofya "CPU", kisha tazama chini kulia. Utaona neno "Virtualization". Mbele yake pakiwa na "Enabled", uko tayari. Pakiwa na "Disabled", uwezo upo lakini umezimwa. Kwenye Linux andika amri ya lscpu utafute mstari wenye VT-x au AMD-V.

*La nne ni kuuwasha uwezo huo kama umezimwa.* Kazi hii inafanyika kwenye BIOS, yale mandhari yanayotokea kabla Windows haijaanza. Kwenye HP nyingi bonyeza Esc kisha F10, kwenye Dell F2, kwenye Lenovo F1 au F2. Tafuta maneno "Virtualization Technology", "VT-x" au "SVM Mode", yawashe, hifadhi, utoke.

Hapa kuna mtego unaowanasa wanunuzi wa laptopu za mtumba. Nyingi zilikuwa za maofisi nje ya nchi, na baadhi zinakuja na nenosiri la BIOS lililowekwa na ofisi hiyo. Windows inafunguka vizuri, muuzaji anakuonyesha muziki unapiga, unalipa. Ukifika nyumbani unataka kuwasha VT-x, mashine inadai nenosiri ambalo hata muuzaji halijui. Kwa hiyo ukiwa bado dukani, iwe Kariakoo au kwa fundi wa mtaani, omba uingie BIOS mbele ya muuzaji. Ikikataa, omba nyingine. Uliza pia kama RAM inaongezeka. Laptopu nyembamba za bei ndogo mara nyingi zina GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi, na hazitaongezeka milele.

Programu zenyewe

*VirtualBox.* Hii ndiyo inayofahamika zaidi mavyuoni. Ilitoka mwaka 2007 ikiwa kazi ya kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Programu ya msingi ni bure na ni huria. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na faili la kupakua halifiki MB 200, jambo linalomfaa mwenye bando dogo. Kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2022 inaweza kubeba Windows 11 kwa masharti yake yote ya usalama. Udhaifu wake ni kasi ya picha za skrini, ambayo iko nyuma kidogo ya VMware.

Kuna jambo la leseni hapa. Pembeni ya programu ya msingi kuna kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack. Hicho ni bure kwa matumizi binafsi na ya kujifunzia tu. Ukikitumia ofisini au dukani unatakiwa kukilipia. Mwenye steshenari asikiweke kwa mazoea. Kazi nyingi hazikihitaji.

*VMware Workstation Pro.* Kwa miaka mingi hii ilikuwa ya kulipia na ndiyo maana wengi waliikimbia, au wakaichukua iliyovunjwa kufuli. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware mwezi Novemba 2023. Mei 2024 ikaifanya Workstation Pro kuwa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba mwaka huohuo ikawa bure kwa wote, zikiwemo biashara. Kwa hiyo leo hakuna sababu ya kutafuta toleo la wizi. Ni nyepesi mkononi, picha za skrini ni laini, na Windows ndani yake hukaa vizuri. Usumbufu wake ni kwamba lazima ufungue akaunti kwenye tovuti ya Broadcom kabla ya kupakua, na faili lenyewe ni kubwa kuliko la VirtualBox. Haishiki kwenye kompyuta za zamani sana. Prosesa iwe ya mwaka 2011 au baadaye.

*Hyper-V.* Hii ni ya Microsoft na imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwa hiyo huna cha kupakua. Unaiwasha tu kwenye orodha ya "Windows Features". Tatizo ni kwamba ipo kwenye matoleo ya Pro, Enterprise na Education, si Home. Laptopu nyingi mpya za bei nafuu zinakuja na Home. Kinyume chake, laptopu za mtumba zilizotoka maofisini mara nyingi zina Pro. Inafaa zaidi kwa anayesomea kazi za seva za Windows. Kwa matumizi ya kila siku, kusogeza mafaili na kutumia flashi ndani ya mgeni ni kazi kidogo.

*KVM.* Kama kompyuta yako tayari inatumia Linux, hii ndiyo ya kwanza kufikiria. Ilingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2007 na ndiyo inayobeba seva nyingi duniani. Ni bure na ina kasi kubwa. Anayeanza aifungue kupitia GNOME Boxes, ambayo ni rahisi mno. Aliyezoea atumie virt-manager, yenye vifungo vingi zaidi.

*Kwa wenye Mac.* Mac za kuanzia mwishoni mwa 2020 zenye prosesa za Apple ni ukoo mwingine. Zinabeba vizuri mifumo iliyotengenezwa kwa prosesa za ARM tu. UTM ni bure, Parallels ni ya kulipia. Ukiambiwa chuoni ulete faili la kompyuta pepe lililotengenezwa kwenye laptopu ya Intel, usitegemee lifunguke kwako.

Ipi kwa nani

- Mwanafunzi mwenye Windows Home na RAM ya GB 8: VirtualBox, kwa sababu ndiyo ambayo wenzake na mwalimu wanaijua. Ukikwama, kuna wa kumuuliza.
- Mwenye RAM ya GB 16 anayetaka kuendesha Windows ndani ya Windows: VMware Workstation Pro.
- Mwenye duka au ofisi anayeogopa mambo ya leseni: VMware Workstation Pro, au VirtualBox bila Extension Pack.
- Anayesomea usimamizi wa seva za Microsoft na ana Windows Pro: Hyper-V.
- Aliyekwisha kuhamia Linux: KVM kupitia GNOME Boxes.
- Mwenye RAM ya GB 4: WSL au flashi ya Linux, huku akidunduliza za kuongeza RAM.

Jambo moja la kuzingatia sana: usizichanganye kiholela. Ukiwasha Hyper-V, na wakati mwingine hata WSL, VirtualBox itaendelea kufanya kazi lakini kwa kuchechemea. Yenyewe inakuambia: tazama chini ya dirisha la mgeni, ukiona alama ya kobe wa kijani, maana yake Hyper-V imeshika njia. Suluhisho ni kuchagua upande mmoja. Wapo wanaoshauri pia kuzima ulinzi uitwao "Memory integrity" ili kumwondoa kobe. Ulinzi huo unazuia programu mbaya zisiingie kwenye kiini cha Windows, kwa hiyo usiuzime kwenye kompyuta ya familia kwa ajili ya kasi tu.

Kupakua kwa bando la kawaida

Programu ni ndogo. Kizito ni mfumo wa mgeni wenyewe. Faili la ISO la Ubuntu au Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Watanzania wengi waliona intaneti ikizorota kwa siku kadhaa, na aliyekuwa amefika nusu ya faili la namna hii alianza upya. Tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea ilipoishia, au chagua mfumo mdogo. Faili la kuanzishia la Debian halifiki GB 1, na mengine inayachukua kadiri unavyohitaji.

Wengi wetu tunapeana ISO kwa flashi, na si vibaya kwa mifumo huria. Lakini hakikisha faili halijaharibika wala kuchezewa. Tovuti rasmi ya mfumo husika huandika msimbo mrefu uitwao SHA256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Msimbo utakaoupata ulingane herufi kwa herufi na wa tovuti. Usipolingana, faili hilo litupe, hata kama limetoka kwa rafiki yako wa damu.

Mgeni naye anakula bando. Windows ikishawashwa ndani ya dirisha huanza kujisasisha bila kuuliza. Mara tu baada ya kuisanikisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uweke "Metered connection", au kata kabisa mtandao wa mgeni kwenye mipangilio ya VirtualBox kwa kuondoa alama ya "Cable connected".

Kuisanikisha: mambo yasiyorukwa

Hatua zenyewe zinafanana kwenye programu zote: unda mgeni mpya, mpe jina, mpe RAM, mpe prosesa mbili kama unazo nne, mpe diski, mwonyeshe faili la ISO, washa. Katikati ya hatua hizo kuna mambo manne ya kuangalia.

Diski ya mgeni ni faili tu ndani ya diski yako. Chagua ile inayokua kidogokidogo. Lakini ujue inakua na haipungui yenyewe. Ukifuta mafaili ndani ya mgeni, nafasi hairudi kwa mwenye nyumba.

Mfumo wa mgeni unapokuuliza kama ufute diski yote, usishtuke. Inayozungumziwa ni ile diski pepe. Mradi uko ndani ya dirisha la mgeni, diski halisi ya familia haiguswi.

Baada ya kumaliza, sanikisha programu za kumsaidia mgeni. Kwenye VirtualBox zinaitwa Guest Additions, kwenye VMware zinaitwa VMware Tools. Bila hizo skrini inabaki ndogo, kipanya kinakwama, na huwezi kunakili maandishi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kisha piga picha ya hali, inayoitwa "Snapshot" kwenye menyu. Inahifadhi mgeni alivyo wakati huo. Ukiharibu kesho, unabofya mara moja unarudi jana. Hii ndiyo sababu kubwa ya mwanafunzi kuthubutu.

Flashi za wateja kwenye steshenari

Mwenye steshenari anapokea flashi za watu wasiojuana siku nzima, na kila mmoja anaweza kuleta kirusi cha yule aliyetangulia. Kompyuta pepe ya Linux inaweza kuwa chumba cha mapokezi: flashi inaelekezwa kwa mgeni, faili linafunguliwa humo, linageuzwa kuwa PDF, ndipo PDF inapelekwa kuchapwa. Virusi vingi vya flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows na havina la kufanya ndani ya Linux. Kwenye VirtualBox unaweza kuweka kichujio cha USB ili flashi iende kwa mgeni moja kwa moja bila kupitia Windows.

Usiitegemee kama ngome isiyobomoka. Ukiweka folda ya pamoja iliyo wazi kati ya mgeni na mwenyeji, umefungua mlango ule ule uliotaka kuufunga. Folda hiyo iwe moja, ndogo, na ipitie PDF tu.

Umeme, nakala na flashi isiyokubali

Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS achukue tahadhari. Umeme ukikatika wakati mgeni anaandika kwenye diski yake, faili lote la mgeni linaweza kuharibika, si waraka mmoja tu. Ukisikia taarifa ya matengenezo ya umeme mtaani kwenu, mfunge mgeni mapema. Chaguo la "Save state" humlaza alipo na kumwamsha baadaye.

Snapshot si nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vyote vinakufa. Nakala ya kweli ni ile unayoitoa kwa "Export" na kuihamishia kwenye diski ya nje. Hapa mimi mwenyewe nilikwama: flashi yangu ilikuwa na nafasi ya GB 32 tupu, lakini faili la GB 9 likagoma kuingia. Nilidhani flashi ni mbovu. Kumbe ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Iumbize kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, na tatizo linaisha.

Leseni, Windows ya zamani na sheria

Windows ndani ya kompyuta pepe inahitaji leseni yake. Ile ya kompyuta halisi haimfuniki mgeni. Kwa kujifunzia, Microsoft inatoa toleo la majaribio la Windows 11 Enterprise la siku 90. Programu za kuvunja kufuli zinazouzwa kwa elfu chache mitaani ndizo zinazobeba virusi vibaya kuliko vyote, kwa sababu zinakuomba kwanza uzime ulinzi wako.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba zina prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, ambazo kwa masharti ya Microsoft haziingii Windows 11. Mwenye mashine hiyo anaweza kuweka Linux kama mwenyeji, kisha programu yake ya hesabu ikaishi ndani ya Windows ya zamani kama mgeni aliyekatiwa mtandao. Lakini kubadilisha mwenyeji ndiko kule kufuta diski tulikokukwepa tangu mwanzo, kwa hiyo toa nakala ya kila kitu kwanza. Jaribu pia kabla ya kuhama. Programu nyingine za hesabu hutambua kwamba kompyuta imebadilika na kudai kusajiliwa upya, na mashine za risiti zinazotumia USB zinaweza kusumbua.

Neno la mwisho ni kwa vijana wanaosomea usalama wa mitandao. Kompyuta pepe mbili ndani ya laptopu yako, moja ya kushambulia na moja ya kushambuliwa, ni darasa halali kabisa. Ukitoka hapo ukajaribu Wi-Fi ya jirani au tovuti ya mtu bila ruhusa, umeingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kusema "nilikuwa najifunza" si utetezi. Mtandao wa wageni wako uweke kwenye "Internal network", wazungumze wao kwa wao.

Uanzie wapi leo

Usianze kwa kupakua. Anza kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc uone RAM, prosesa na lile neno "Virtualization". Kisha nakili mafaili ya familia kwenye diski ya nje, kwa sababu hata bila kompyuta pepe ulikuwa unatakiwa kufanya hivyo. Baada ya hapo chukua VirtualBox na mfumo mmoja mwepesi, mpe mgeni GB 2, piga Snapshot, halafu haribu upendavyo. Mgeni akikushinda, unamfuta kwa kubofya mara mbili, na kesho asubuhi mama atakuta hesabu za duka lake pale pale alipoziacha.